Uwanja Usioota Majani

Mama mkwe wangu alinifundisha kwamba nyumba husomwa kuanzia uwanjani. Alikuwa mwanamke wa Tukuyu, Mnyakyusa wa kufagia hata njia ya kwenda shambani, na siku niliyofika kwake kama mke wa mwanawe hakuniuliza nimesoma hadi wapi wala wazazi wangu kule Iringa ni watu gani. Alinipa fagio la vijiti akaingia ndani. Nikafagia kuanzia mlango wa jiko hadi kwenye migomba, kinyumenyume, ili nyayo zangu zisibaki juu ya mistari ya fagio. Alipotoka aliangalia chini kwa muda, akasema, "Ndaga," ndiyo asante ya kwao, nikajua nimefaulu mtihani.

Naanza na fagio kwa sababu kila ninayemsimulia habari hii anataka nianze na sumu. Watu wanapenda sumu iwe na chupa, iwe na alama ya fuvu, iwe imewekwa na mtu mwenye roho mbaya. Yangu haikuwa na chochote kati ya hivyo. Niliipokea kwa mikono miwili, nikaishukuru, nikaimwagia maji na kuishindilia kwa miguu yangu mwenyewe.

Tulijenga Mbeya mjini, kwenye mtelemko chini ya mlima Loleza. Mume wangu ni dereva wa lori linalobeba karatasi kutoka Mgololo, nyumbani anakuja kama mgeni, kwa hiyo uwanja ulikuwa mali yangu na aibu yake pia ilikuwa yangu. Mvua za huku hazina adabu. Kila msimu zilichimba mifereji mlangoni, zikawapelekea majirani wa chini udongo wetu wa juu, na zikishakatika, ukoka ukaota kila mahali. Nilipalilia Jumamosi, Jumatano umerudi. Mwanamke mwenye majani uwanjani huku ni mvivu, tena anafuga nyoka, na akiwa ameolewa kutoka mkoa mwingine basi ni kabila lake zima ndilo vivu. Mara mbili nilimsikia mama mkwe akiwaambia wageni wake kwamba Wahehe, watu wa kwetu, wanajua vita, kufagia hawajui.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa fundi betri, mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alipanda huku kutoka pwani na biashara ya vitambaa, akasahau kurudi. Alikuwa mtu mwema. Nalisema mapema kwa sababu ndilo jambo linaloniudhi kuliko yote katika habari hii. Nyuma ya nyumba yake alifufua betri zilizokufa: za malori, za nyumba zenye sola, za pawatila, vile vitrekta vya kusukuma kwa mikono, zilizoletwa kutoka mashamba ya mpunga ya Ubaruku. Alizikata juu kwa msumeno, akamwaga chini maji yake makali, akang'oa sahani za ndani, akayeyusha risasi, yale madini laini na mazito yaliyomo katika kila betri ya gari, kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa, na kuyamimina upya. Vumbi la kijivu lililobaki alilisukuma pembeni kwa mguu. Alifanya hivyo zaidi ya miaka ishirini, na sisi majirani tukamsifu kwa sababu bei zake zilikuwa za kibinadamu.

Mwaka mmoja alichimba msingi wa chumba cha binti yake aliyeachika, hukohuko nyuma, akawa na lundo la udongo asilojua pa kulipeleka. Aliniona nikiwa nimeinama juu ya ukoka, jasho linanitoka. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Unajitesa na nini? Njoo uchukue kifusi changu. Huu udongo hauoti kitu. Mimi huku nyuma jembe sijashika tangu nihamie."

Nilikwenda kuuona. Ulikuwa wa kijivu cheusi, mzito, laini, na ni kweli, hapakuwa na jani hata moja lililothubutu kuota pale. Sasa niseme jambo litakalonichoma kila mtu akilisoma. Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya udongo. Wakulima wananiletea udongo wao kwenye mifuko ya sukari, nawaambia una uchachu kiasi gani, una rutuba au hauna, wapande nini. Nilisomea hilo. Mkulima angeniletea udongo usioota hata magugu, ningemwambia akae, tuzungumze, kuna kitu kimeuua. Lakini huu haukuwa wa mkulima. Huu ulikuwa wa uwanja wangu, na nilichokiona mimi ni mke asiyepalilia tena.

Tuliuleta kwa mkokoteni, tripu sita. Nikausambaza, nikaunyunyizia maji, nikaushindilia, ukakauka ukawa mgumu na laini kama sakafu. Mzee alikataa hata soda. Akasema kumpa jirani udongo ni sadaka kama sadaka nyingine. Mama mkwe alipokuja kututembelea alisimama getini muda mrefu. Safari iliyofuata aliwaleta wenzake wawili wa kanisani kuja kuuangalia. Tangu siku ile habari za Wahehe na vita zikaisha, na mimi, mtu mzima mwenye cheti cha serikali, nilitembea nimeinua kichwa kwa sababu ya uwanja.

Binti yetu alikuwa na miaka mitatu wakati ule. Ndiye mtoto wetu pekee. Alijifunzia kila kitu pale chini. Alipofika miaka mitano alikuwa bingwa wa mdako: anachimba kishimo kidogo karibu na kizingiti cha mlango, anajaza vijiwe, anarusha kimoja juu na kukomba vingine kabla hakijashuka. Alikaa pale tangu asubuhi, gauni limejaa vumbi, mikono ya kijivu hadi viwikoni, na ndiyo mikono aliyolia kipande chake cha muhogo. Mimi nilimnawisha alipoingia ndani, nikaridhika. Na kwa kuwa mtoto wa kike hufundishwa mapema, nilimkatia fagio dogo la kimo chake, tukawa tunafagia pamoja kila alfajiri, yeye kule mimi huku, vumbi likipanda hadi madirishani.

Shule ilipoanza, nikaanza kumchukia kidogo. Silipambi neno hilo, ndilo lenyewe. Alisahau alichofundishwa jana. Alisahau alichotumwa akiwa njiani anakwenda. Tumbo lilimuuma, chakula kikamshinda, akawa na hasira za ghafla, akawauma wenzake. Nilimpa dawa za minyoo mara tatu. Mwalimu aliniita akasema kwa upole kwamba labda arudie darasa. Nikarudi nyumbani nimejaa aibu, nikamkalisha mezani na daftari la kuzidisha, na kila alipokosa nikampiga kiganjani kwa rula. Tatu mara nne. Alinitazama tu, macho yamejaa maji, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali fulani na sasa hakioni. Nikamwita zezeta. Nilimwita hivyo zaidi ya mara moja, na mara nyingine nilisema mbele ya watu.

Watafiti walikuja maabara kwetu binti akiwa na miaka minane. Kiongozi wao alikuwa mama wa chuo kikuu, mpole, mwenye miwani mikubwa, aliyetaka kujua kama mitaa inayokaa karibu na gereji na mafundi betri ina risasi kwenye udongo na kwenye vumbi la ndani ya nyumba. Risasi, alitueleza, haiozi wala haiendi popote. Inakaa palepale ilipoangukia na kusubiri mtu. Mimi nikapangwa kumsaidia kuchukua sampuli. Alikuja na kimashine kinachofanana na kile kipima joto walichotuelekezea kwenye paji la uso wakati wa korona. Unakielekeza kwenye udongo, kinanyamaza kidogo, kinatoa namba. Tulipita gereji za barabara kuu, tukapima rangi za mageti, mabomba ya zamani, masufuria ya kusubu, yale ya vyuma chakavu vilivyoyeyushwa, yanayouzwa sokoni, vumbi la kwenye makochi ya watu. Watu walitupokea kwa chai na wasiwasi. Nami niliwatazama kwa huruma, huku nikijiambia kimoyomoyo kwamba wangekuwa wanafagia, yasingewapata.

Kisha akahitaji udongo wa kulinganishia. Alitaka sehemu safi, nyumba isiyo na gereji, isiyo na gari bovu, mbali kidogo na barabara, ili namba za pengine zipimwe kwa hiyo. Akauliza nani anajua uwanja wa namna hiyo. Nikainua mkono kabla hajamaliza kuuliza. Nilikuwa na furaha kweli; fundi betri kwangu alikuwa jirani tu, hata sikumfikiria. Asubuhi yake nilifagia kwanza, kisha nikachukua sehemu tano, nikachanganya, nikaanika kivulini, nikaponda, nikachekecha, kila kitu kama nilivyofundishwa. Nikaandika kwenye mfuko kwa mwandiko wangu mzuri: safi.

Alipima wa kwangu wa mwisho. Akatazama namba, akapima tena, akaniuliza kama kile chekecheo kilikuwa kimeoshwa. Nikasema kimeoshwa. Akaniuliza kama mifuko haikubadilishana. Nikasema haikubadilishana, ila kwa sauti ya mtu aliyeanza kutamani iwe imebadilishana. Nikakimbia nyumbani na bodaboda, nikaleta mwingine mbichi, ndani ya bakuli la jikoni. Namba ikawa ileile, na ilizidi za gereji zote tulizopita. Yule mama alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu, akaniuliza nyumbani kwangu kuna watoto wangapi.

Alikuja mwenyewe jioni ile. Tulianza getini, tukaelekea ndani, na namba zikawa zinapanda tulivyokaribia nyumba. Rangi ya mlango haikuwa na kitu. Bomba halikuwa na kitu. Masufuria yangu hayakuwa na kitu. Vumbi la dirishani lilikuwa na risasi. La chini ya kitanda cha mtoto lilikuwa nayo. Lakini pale kizingitini, penye vishimo vya mdako, kimashine kilitoa namba iliyomfanya apime mara tatu. Halafu aliomba fagio. Alilikung'uta juu ya karatasi nyeupe, vumbi la kijivu likaanguka kama unga wa ulezi, akalipima hilo pia, akaniuliza nafagia mara ngapi kwa wiki.

"Kila siku," nilisema. "Asubuhi na jioni."

Hakunilaumu. Alieleza tu, kwa lugha nyepesi, kwamba udongo ukiwa umetulia chini ya majani hauna madhara makubwa. Tatizo ni ule ulio wazi, unaotimuliwa, unaoingia ndani na kutua kwenye chakula na mikononi. Kama ningekuwa mvivu, ukoka ungeota juu yake walau pembeni, na mtoto angekula kidogo kuliko alivyokula. Hilo la mwisho hakulisema yeye. Nimelisema mimi, na nimelisema mara nyingi tangu siku ile. Watu hupenda kunifariji kwa methali, wananiambia kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa chini ya fagio langu, na nilikikoroga mara mbili kwa siku.

Kutafuta chanzo hakukuchukua hata dakika kumi. Aliniuliza kama kuna wakati niliwahi kuleta udongo kutoka nje. Nikakumbuka mkokoteni.

Nilikwenda kwa mzee kesho yake nimejiandaa kumtukana. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote njiani. Nikamkuta kivulini kwa ukuta wake anakunywa chai, ameshika kikombe kwa mkono wa kushoto, na kiganja cha kulia kimelegea, kinaning'inia. Nilikuwa nimekiona kiganja kile kwa miaka, tukisema ni uzee. Yule mama wa chuo alikuwa ameniambia siku moja kabla kwamba risasi ikimkaa mtu muda mrefu humlegeza viganja. Nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza polepole kuhusu udongo na kuhusu mtoto.

Alisikiliza hadi mwisho. Alisema kazi hiyo ameifanya miaka yote na Mwenyezi Mungu amemlinda, kisha akakitazama kiganja chake. Alipoendelea hakuwa ananitazama.

"Mwanangu, hukuchukua peke yako," alisema. "Ule mwingine niliwapa chekechea, pale wanapochezea watoto. Niliona wanapata shida na matope."

Aliwapa kama alivyonipa mimi, sadaka. Aliniomba nisimwambie mkewe. Nikaondoka bila kumtukana, na hadi leo hasira ile sijapata pa kuiweka.

Damu ya binti ilipelekwa Dar es Salaam na majibu yakarudi baada ya wiki tatu. Daktari alikuwa kijana mkweli, namshukuru kwa hilo japo siku ile nilimchukia. Alisema jambo la kwanza ni kumtoa mtoto kwenye udongo ule, apewe maziwa, maharage, mboga za majani, na damu itajisafisha kidogo kidogo. Nikamuuliza kuhusu kichwa. Akasema mtoto bado anakua, tumpe muda, ila kilichoharibika kwenye ubongo hakuna dawa ya kukirudisha. Nikamuuliza ni kiasi gani kimeharibika. Akasema hakuna anayeweza kujua, kwa sababu hakuna anayejua angekuwaje.

Mume wangu alirudi kutoka safari nikamweleza. Akasema udongo ni udongo, sisi wote tumekulia kwenye udongo. Nikamwonyesha karatasi ya damu. Aliishika muda mrefu, akaenda kukaa ndani ya lori lake akiwa amefunga milango. Mama mkwe yeye alisema ni watu wamemwonea wivu mkwewe kwa sababu ya uwanja. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu nilimjibu vibaya.

Tuliamua mtoto aende Iringa kwa mama yangu hadi uwanja utakapotengenezwa. Nilimfungia nguo zote mpya, kwa sababu za zamani nilizitupa. Aliniuliza anakwenda kufanya nini. Nikamwambia anakwenda kupumzika. Alikuwa na miaka minane na hajachoka, kwa hiyo aliuliza tena, na mimi nikamwambia asipende maswali. Ningemwelezaje? Kuna udongo, uliingia kwako, niliuleta mimi. Nilikuwa nimemweleza mzee, mume, mama mkwe, daktari na watafiti, lakini mbele yake niliinama tu nikamfunga kamba za viatu. Basi likaondoka. Mkono wake mdogo ulibaki dirishani hadi kwenye kona.

Nikawaita vijana wenye koleo wauondoe ule udongo, na hapo nikajifunza kitu kingine. Dereva wa tipa aliniuliza aupeleke wapi. Nikasema sijui, dampo. Akacheka kidogo, akasema dampo ni mbali, halafu udongo wenyewe ni mzuri hivi.

"Kuna mama hapo chini anaomba kifusi," alisema. "Majani yanamsumbua sana."

Nilimlipa tripu nzima ili aondoke na tipa tupu. Tukachimba shimo refu kwenye kona ya kiwanja, tukauzika wote humohumo, tukaweka udongo safi wa mlimani juu yake, na juu ya huo nikapanda ukoka. Ndiyo, ukoka. Niliununua vipande vipande, mimi niliyeung'oa kwa miaka. Ndani ya nyumba sifagii tena. Nafuta kwa kitambaa chenye maji. Wapita njia walianza kusema mama yule kachoka, tangu mtoto aondoke uwanja umemshinda. Mama mkwe hakuvuka geti kwa miezi minne.

Kuhusu chekechea, nilikwenda ofisi ya mtaa na nakala ya taarifa. Taarifa ilikuwa ya Kiingereza, kurasa nyingi, na yule mama wa chuo alikuwa ameshaondoka na mradi wake ulishakwisha. Mtendaji alifungua ukurasa wa kwanza, akafunga, akaniomba tusiwatie watu hofu, viwanja vya watu vitashuka bei. Nikaenda kwa mwalimu mkuu wa chekechea. Alinisikiliza kwa adabu, akasema ataliwasilisha. Nimerudi kwake mara tano. Tulipata, mimi na wazazi watatu, tipa mbili za udongo safi, tukafunika penye bembea, na pesa zikaisha. Sehemu iliyobaki bado ni ya kijivu. Watoto wanakuja na vifagio vyao kutoka nyumbani, kama wanafunzi wa nchi nzima, wanapanga mstari saa moja asubuhi na kufagia. Napita pale nikienda kazini. Siku nyingine nazunguka njia ya mbali ili nisiwaone, na sijivunii hilo.

Binti alikaa Iringa mwaka na miezi minne. Mama yangu alimnenepesha kwa maziwa na ugali wa ulezi. Kila nilipopiga simu alinisalimu vizuri, akajibu nilichouliza, akanyamaza. Nilidhani ni ukubwa. Kipimo cha mwisho cha damu kilikuwa kizuri, daktari akasema sasa anaweza kurudi, nikaenda kumchukua mwenyewe. Alikuwa amerefuka, meno yamejaa, ameshika kifurushi kirefu kilichofungwa kwa gazeti asichotaka nikiguse. Njia nzima alikilaza mapajani.

Alfajiri ya kwanza niliamshwa na sauti niliyoijua kabla sijaifungulia macho. Fagio. Nilitoka nje pekupeku. Alikuwa uwanjani, kanga ya bibi yake kiunoni, anafagia ukoka. Fagio jipya la vijiti, lile la kwenye gazeti. Alikuwa anarudi kinyumenyume kama nilivyomfundisha, anajitahidi kuchora mistari, lakini kwenye majani mistari haikai, kwa hiyo alirudia palepale, na palepale tena. Uso wake ulikuwa umelowa jasho katika baridi ile ya Mbeya.

Nikamwambia aache. Hakuacha. Nikamshika mkono.

"Bibi amenifundisha vizuri," alisema. "Sitachelewa kuamka tena. Nafagia ili usinirudishe."

Nikamuuliza alidhani kwa nini alipelekwa Iringa. Alinitazama kwa mshangao, kama vile namuuliza jina lake.

"Si kwa sababu mimi zezeta?"

Nilikaa chini kwenye umande, nikamkalisha. Nikamweleza yote, nikiwa nimechelewa mwaka na miezi minne: betri, mkokoteni, mdako, fagio. Nikamwambia hakuwa zezeta wala mvivu, ni udongo ulioingia mwilini mwake, na aliyeuleta udongo ni mimi, na rula ile ilikuwa dhambi yangu. Nilimwomba msamaha, jambo ambalo mimi sijawahi kuombwa na mzazi wangu yeyote. Alisikiliza huku anang'oa majani moja moja na kuyapanga kwenye goti lake. Alipomaliza kuyapanga aliuliza swali moja tu.

"Sasa udongo umetoka. Na akili yangu itarudi?"

Nikasema itarudi. Nilisema haraka, kwa sauti ile ya maabara ninayowaambia wakulima waweke samadi. Alinitazama usoni muda mrefu, na kwa namna alivyonitazama nikajua kwamba ile akili ya kumtambua mama yake anapodanganya haikuwa imeguswa hata kidogo. Akainuka, akaokota fagio lake, akaenda kuliegemeza ukutani nyuma ya jiko, akarudi kukaa karibu yangu.